Mgeni Kutoka Nakihungu

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kupanga mstari wa unga. Ulikuwa mwaka wa njaa, sabini na nne kuelekea sabini na tano, na duka la ushirika la mtaani kwetu Kariakoo lilikuwa limepata sembe ya yanga, ile ya njano. Nilikuwa na mimba kubwa. Mume wangu, Shomari, alikuwa bandarini kwenye kazi yake ya ukuli. Nyumbani nilimwacha bibi yangu, Mwanamkuu, anachambua mchicha uani.

Bibi alikuwa mgeni wa mji. Tulimchukua baada ya Operesheni ya vijiji vya ujamaa kuhamisha watu wa kijiji chetu, Nakihungu, huko ndani kabisa Liwale. Liwale ni nchi kubwa yenye watu wachache. Unatembea tangu alfajiri mpaka magharibi na usisikie jogoo wa mtu. Ni miombo, mito ya mchanga na nyayo za tembo. Mkikutana na mtu njiani mnakaa chini, mnaulizana habari za ukoo mzima, maana hamjui mtaonana tena lini.

Kariakoo hata ukikohoa, jirani anakuambia pole.

Mstari ulikuwa mrefu, watu wamebanana. Adhana ilipoanza nikasikia harufu. Majivu... Majivu yaliyonyeshewa na mvua, na nyasi za paa lililooza.

Nikageuka.

Nyuma yangu alisimama mwanamke wa makamo, amejifunga kaniki. Vumbi jekundu lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alisema nami Kingindo, lugha ambayo sikuwahi kuisikia mjini nje ya chumba chetu.

"Mmehamia wapi?"

"Akina nani, mama?"

"Nimepita nyumba zote. Milango i wazi. Mafiga ya baridi. Nimeita... nimeita..."

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nilidhani ni mmoja wa wazee waliochanganyikiwa kwa kuhamishwa. Nikamwuliza ametokea wapi.

"Nakihungu."

Moyo wangu ukafurahi. Mtu wa kwetu! Nilikuwa nafungua kinywa nimtajie bibi, aliponyoosha mkono akaniwekea tumboni. Baridi ya mkono ule ilipenya kanga na gauni. Mtoto alikuwa amecheza jioni yote. Akatulia.

"Mji umejaa huu," alininong'oneza. "Sijaona pa kuketi. Lakini hapa pana nafasi."

Muuzaji akapiga kelele, mstari usogee. Nikasogea. Nilipogeuka tena nilimwona Seifu, fundi cherehani wa jirani, amesimama na mfuko wake.

"Yule mama yuko wapi?"

"Mama gani, dada? Mimi niko nyuma yako tangu tuanze."

Kisha akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Ila kuna kitu kinanuka majivu."

Nilipewa unga wangu, nikarudi nusura nikimbie, tumbo nimelishika kwa mikono miwili. Mtoto hakutikisika. Nikamkuta bibi palepale uani, nikamweleza yote. Mikono yake ilisimama juu ya mchicha.

"Kavaa kaniki?"

"Ndiyo, bibi."

"Na umemwambia tunakaa wapi?"

"Sikumwambia."

"Kakushika?"

Nikamwonyesha tumbo.

Bibi akasukuma sinia pembeni. "Ni Sabaha huyo," alisema. "Alikufa kabla mimi sijazaliwa. Ndiye mzimu wetu, kalala chini ya mti wa msolo. Vita vya Maji Maji vilipowatawanya watu, na njaa ikamaliza waliobaki, wachache waliokwenda kuanza upya walimwambia wanakohamia. Wazungu nao walipotuhamisha ili wanyama wapate pori, baba yangu alimwagia unga mweupe wa mtama, akamwambia twende, tunahamia Nakihungu. Akaja nasi. Lakini safari hii..."

"Safari hii nini, bibi?"

"Malori yalifika asubuhi. Jua kuzama tuko kwingine. Nani angemwambia?"

Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Asiyeambiwa hutafuta, mjukuu wangu. Na akikosa pa kuketi, huketi ndani ya mtu. Mtoto wa tumboni hamwezi mgeni kama yule. Humpisha."

Nikaelewa maana ya kumpisha.

Hapo ndipo tulipoisikia sauti. Ilitoka ukumbini, kwenye giza la kati ya vyumba.

"Mwanamkuu..."

Mara moja tu.

Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usiitikie."

Chumbani kwa Sofia, mpangaji mwenzetu, redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Ikakwaruza, ikanyamaza. Harufu ya majivu ikaingia uani polepole, ikatuzunguka.

Bibi akachota unga kwenye mfuko wangu. Ua wetu wote ulikuwa wa saruji, isipokuwa pembeni palipoota mpapai. Akapiga magoti pale, akaumwaga shinani, akaomba kwa Kingindo. Alimwomba radhi kwa malori na kwa ile haraka. Akamwomba apokee.

Tukangoja.

Kisha karibu na sikio langu, karibu kabisa...

"Hiki nini?"

Bibi akautazama unga ule wa njano chini ya mpapai. "Haujui," alisema. "Masikini, Sabaha haujui unga huu."

Tumbo langu likakaza kama ngozi ya ngoma iliyowekwa motoni. Nikaanguka kwa magoti.

Bibi akasimama. Akavua mtandio, akafungua mikono kama mtu anayempokea mgeni mlangoni.

"Sabaha! Mwache mtoto. Mimi ni wa Nakihungu. Kaa kwangu. Nitakurudisha."

Upepo haukuvuma. Taa haikuzimika. Bibi alipepesuka kidogo tu, kama aliyetwishwa ndoo ya maji.

Mtoto akanipiga teke.

Nililia. Bibi aliketi kwenye mkeka taratibu sana, akaomba maji. Nikampa kikombe, akakimaliza. Akanirudishia.

"Na mwenzangu," alisema.

Tangu jioni ile hakula zaidi ya nusu sahani, na nusu ya mkeka wake hakutaka mtu aikalie. Shomari hakuamini maneno yangu, lakini alipoombwa na bibi nauli ya kurudi kusini hakubisha. Alimsindikiza mwenyewe mpaka stendi. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alisema abiria aliyekaa karibu na bibi aliinuka kabla basi halijaondoka, akasimama. Watu walijaa mpaka mlangoni, na kile kiti hakikukaliwa.

Nikajifungua salama, mtoto wa kike. Tukamwita Sitara. Sikuweza kumpelekea bibi habari, kwa sababu Nakihungu hakuna tena mtu wa kupitishia habari.

Sitara alipoanza kuota meno alikuja Uwesu, binamu yangu, dereva wa lori la korosho. Alikuwa ametoka Liwale. Lori lilimharibikia porini, karibu na Nakihungu ya zamani. Akaona moshi, akaufuata kutafuta maji. Nyumba zote zilikuwa zimeanguka ila moja, na mbele yake bibi alikuwa anatwanga mtama.

"Hajambo kabisa," Uwesu alisema. "Kanenepa."

"Yuko peke yake?"

Uwesu akatazama mlangoni.

"Aliniuliza kama umejifungua. Sijasema neno, dada. Sauti ikajibu kutoka ndani ya nyumba: mtoto wa kike."

Hakungoja maji. Alirudi akalala ndani ya lori, vioo vimefungwa, mpaka alipopata msaada.

Sasa Sitara anasoma darasa la kwanza. Wenzake huenda kwa bibi zao likizo, naye huniuliza yeye atapelekwa lini. Namwambia barabara mbaya. Na si uongo. Mvua ikinyesha, Liwale hakupitiki.

Lakini kila mwaka kiangazi huja.