Ngano Ilipokelewa

Wilmer Engle alipima ngano kwa meno. Aliuma punje moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado ina unyevu. Baba yake alipima hivyo, na babu yake pia.

Wilmer alikuwa meneja wa ghala la ushirika wa wakulima, huko Kansas. Ofisini alitundika picha ya Jenerali Eisenhower, yule mwana wa Abilene, mji wa huko huko Kansas, aliyeongoza vita Ulaya, kisha akawa Rais wa Marekani.

"Kiongozi haulizi," Wilmer alipenda kusema. "Anaamuru." Alisema hivyo mara nyingi hata mkewe, Verna, akawa anammalizia sentensi.

Juni ile mvua ilikuwa njiani. Malori ya ngano yalipanga foleni. Mpima mizani, Leland Stroup, baba wa watoto wawili, alitoka na kipimo cha unyevu mkononi.

"Mzee, hii bado. Kipimo kinakataa."

Wilmer akauma punje. "Hicho kipimo chako kimelima wapi? Mimina."

"Itapata joto humo ndani."

"Leland, nimesema mimina."

Leland akamimina.

Baada ya wiki tatu ghala lilinuka uchachu. Ngano ilikuwa imeota ukungu, jasho la mwaka mzima la familia arobaini. Mkutano ukaitwa. Wilmer alisimama, akasoma ripoti yake: "Ngano ilipokelewa ikiwa na unyevu. Makosa yalifanyika kwenye mizani."

Watu wote wakamgeukia Leland. Leland alimtazama Wilmer, akangoja. Wilmer akakunja karatasi yake, akaketi. Inaniuma hata kuisimulia. Leland alifukuzwa kazi, na kabla ya Septemba alihamia Wichita na familia yake.

Wilmer hakupata raha. Chakula kilimshinda. Siku moja jirani yao, Harlan Gish, alipita kunywa kahawa. Harlan aliwahi kuwa askari wa Jenerali, na bado alichechemea kwa jeraha la vita. Wilmer alimsimulia yaliyotokea kweli pale mizani.

"Una picha ya mkubwa wetu ofisini," Harlan alisema. "Karatasi yake unaijua?"

"Karatasi gani?"

"Kabla hatujavuka bahari kwenda Normandy, pwani ya Ufaransa, aliandika taarifa ya kushindwa. Akaiweka akiba, endapo tungeshindwa. Kwanza aliandika, 'Vikosi vimeondolewa.' Akayakata maneno hayo. Akaandika, 'Nimeviondoa vikosi.' Mwisho akasema, kama kuna lawama, ni yangu peke yangu."

"Lakini mlishinda."

"Tulishinda. Ile jioni alikwenda kuwaona askari wa miavuli kabla hawajapanda ndege. Na vita vilipokwisha alisema wazi kwamba anavichukia. Mtu aliyewatazama usoni wale anaowatuma hawezi kuandika 'vimeondolewa', bwana."

Wilmer alikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Wewe ulitaka amri iwe yako," Harlan alisema, "na lawama iwe ya Leland."

"Ngano ilipokelewa," Verna alisema polepole, akiwa jikoni. "Ilipokelewa na nani, mume wangu?"

Kesho yake Wilmer aliomba mkutano mwingine. Alisimama mbele ya wale wale.

"Niliipokea mimi," alisema. "Leland alinionya kwa kipimo. Nilimlazimisha. Ngano yenu nimeiharibu mimi."

"Sasa ndiyo unatuambia?" mzee mmoja aliuliza. "Mtu keshahama?"

"Ndiyo. Nimechelewa, na hilo pia ni langu."

Siku hiyo waliweka kanuni. Kila lori lipimwe kwa kipimo. Kipimo kikikataa, mpima mizani anaweza kulirudisha lori, hata meneja akipiga kelele. Mavuno yaliyofuata, hakuna punje iliyooza. Wilmer bado aliuma ngano, kwa mazoea tu, kisha alingoja kipimo kiseme.

Alimwandikia Leland barua. Alikiri kila kitu, akamwomba arudi. Wiki zilipita, kila siku akienda kuchungulia sanduku la barua. Hatimaye jibu lilikuja. Lilikuwa fupi.

"Mzee Wilmer, barua yako nimeipokea. Mwanangu mkubwa nimemsomea, maana alikuwa akiniuliza nilifanya kosa gani. Kurudi, hapana."

Wilmer aliisoma akiwa amesimama. Kisha alikwenda ofisini, akaiteremsha picha ya Jenerali, akaitundika barua ile kwenye msumari ule ule, aione kila anapotaka kuamuru.