Ndiyo Sita za Tiansheng

Asubuhi Suyun alipika uji wa mchele na viazi vitamu. Mumewe, Tiansheng, mchonga mbao, hakugusa bakuli. Patasi zake zililala tangu juzi. Hakuna aliyemletea kazi.

"Baba watoto, kula."

"Nitawarudishia chetezo chao. Sitaki kuitwa mwizi mbele ya mungu."

Kila mwaka kijiji chetu humchagua mtunza chetezo cha ubani cha hekalu. Kila nyumba hurusha vipande viwili vya mti. Kimoja kikianguka chali na kingine kifudifudi, mungu amesema ndiyo; mwenye ndiyo nyingi mfululizo ndiye huchaguliwa. Tiansheng alipata ndiyo sita mfululizo, akawashinda wote. Tatizo ni kwamba vipande vile alivichonga yeye.

"Sita!" Chunmei, muuza tofu ya soya, alitangazia mtaa mzima. "Mimi nilipata moja tu. Huyo kavichezea!"

Mimi ni jirani yao. Maneno yale yaliniuma.

Suyun alimwendea Peizhen, anayepima mbegu ngapi huota katika chama cha wakulima.

"Dada, sita mfululizo inawezekana bila hila?"

"Kwa mtu mmoja ni nadra. Lakini nyumba ngapi zilirusha?"

"Mia na ishirini."

"Basi waite wote hekaluni. Kila mtu aje na sarafu mbili."

Watu walikuja, na umbea wao. Peizhen akasema, "Simameni, rusheni. Moja ikionyesha kichwa na nyingine namba, baki umesimama. Zikifanana, kaa."

Karibu nusu wakakaa. Wakarusha tena, karibu nusu ya waliobaki wakakaa. Ikawa hivyo kila mara. Baada ya mara ya sita alibaki mtu mmoja tu. Chunmei!

"Mimi? Jamani, sijafanya kitu!"

"Najua, shangazi," alisema Peizhen. "Wakianza wengi hivi, mara nyingi mmoja au wawili hufika. Tunachanganyikiwa kwa sababu tunamkodolea macho aliyebaki, tunawasahau waliokaa."

"Kwani mungu hachagui?" aliuliza mtu.

"Hilo muulizeni mungu. Mimi nasema sita si ushahidi wa wizi."

Tiansheng akasogea mbele. "Shangazi Chunmei, na sarafu hizo nazo nilizichonga mimi?"

Hekalu zima liliangua kicheko. Chunmei naye alicheka, kisha akamsogelea. "Nisamehe, Tiansheng. Nimekukosea."

Kesho yake alileta tofu ya moto, na ubao achongewe jina la duka lake. Tiansheng alikula bakuli mbili za uji, akachukua patasi.