Mpigaji wa Adhuhuri

Rafiki yangu hufuatilia simu za usumbufu zinatoka wapi, na kazi imemchosha mpaka hana nguvu za kudanganya. Mama mmoja alimlalamikia kwamba kila adhuhuri anapigiwa na mtu asiyesema kitu.

"Anahema tu, baba. Kijana wangu aliyepotea alikuwa na pumu. Pumzi yake naijua."

Kompyuta ilionyesha simu hizo zinatoka kwenye mnara wa simu uliozimwa miaka mitatu nyuma. Rafiki yangu akaenda huko shingo upande. Kibanda cha mitambo chini ya mnara kilikuwa kitupu, giza, sakafu ya zege. Akaipiga ile namba iliyokuwa ikimpigia mama.

Ikaita chini ya viatu vyake, ndani ya zege.

Kabla hajakata, ikapokewa. Akasikia mtu anahema kwa tabu, sikioni na sakafuni.