Kifuniko Kilichokazwa

Rubani Étienne alikuwa ndiyo kwanza anageuka kumwuliza Vahwere kama anapumua vizuri, bidoni, dumu la pombe lililokuwa nyuma yao, likapasuka. Kifuniko kikampiga machoni, pombe ya ndizi ikatapakaa kwenye kioo, na ndege ikainamisha pua.

Walikuwa wawili tu, wametoka Bunia kwenda Mahagi, Aprili ya 1978, na kasikisi, pombe hiyo ya ndizi, ya harusi ya dada yake Vahwere. Uwanjani Étienne alionya: "Legeza kifuniko, mama. Kule yulu, kwenye mawingu, hewa iko mwepesi, yenye iko ndani itasukuma." Vahwere akalegeza. Rubani alipompa mgongo, akakaza tena kwa nguvu zake zote. Mfanyabiashara wa Butembo kama yeye, aliyezoea kamyo za mizigo na mashimo ya barabara, aache kifuniko kimelegea? Thubutu! Kisha dhoruba ikawalazimisha kupanda juu ya mawingu.

Miti ya milima ya Djugu iling'oa bawa, ikachana mbavu za ndege. Vahwere alimburuta Étienne nje huku mvua ya mawe ikiwatwanga. Maji yao, bidoni dogo la plastiki laini, yaliishia kumwosha damu.

"Sione kitu," Étienne akasema. "Tushuke kwenye kuko watu. Tukilala hapa, baridi itatuua."

"Ukungu iko mingi, mulima inapanda, inashuka. Nitajua namna gani?"

"Funga ile bidoni. Hewa ya chini iko nzito, itaifinya. Ikijinyoosha, tunapanda."

Vahwere akashika kifuniko. Mikono ikakataa.

"Ile ingine, ni miye nilikaza," akasema. "Nilikudanganya."

"Najua. Kaza na hii."

Akakaza. Waliteleza, wakabingirika, miiba ikawachana. Mara moja bidoni lilijinyoosha. Vahwere akatukana, wakarudi walikotoka. Jioni, waliposikia mbuzi wakilia, lilikuwa limebonyea mbavu zote mbili.

Mkulima mmoja, Anastasie, aliwakalisha jikoni kwake. Akachukua bidoni awatekee maji, akazungusha kifuniko. Hewa ikaingia kwa mlio, plastiki ikajinyoosha, pah!

Vahwere alikuwa ameshajirusha juu ya Étienne, amemfunika uso kwa viganja vyote viwili. Anastasie akaweka bidoni chini, akamwambia taratibu kwamba ni plastiki tu. Vahwere hakuiondoa mikono.