Zamu ya Mwenyeji

Mchezo ule haukujua Kiswahili hata neno moja. Ndiyo maana Fundi alikunja uso alipoona, chini kabisa ya kioo cha simu, maandishi madogo meupe: Zamu yako, Fundi.

"Shemeji, hebu njoo uone. Mchezo umeanza Kiswahili, tena unaniita kwa jina."

Shemeji, kaka wa mkewe, seremala wa nyumba ya pili aliyekuja kila mchana kuomba maji na kupiga soga, akachungulia. "Jina gani? Mtaa mzima ni mafundi. Labda unaniita mimi."

Wakacheka. Ulikuwa mchezo wa bei ya chee, wa mashujaa na mazimwi, picha zake mabonge mabonge kama zimechongwa kwa panga. Uwanja wa vita umegawanywa miraba. Unasogeza watu wako, unabonyeza, kisha unakaa kimya kumtazama adui naye akisogea. Ukishabonyeza, hakuna kurudisha. Fundi aliupenda kwa sababu aliweza kuucheza huku anashona: anamaliza pindo, anasogeza askari, anarudi kwenye pindo. Sala ya alasiri nayo ikaanza kusogezwa, kwanza kidogo, halafu mpaka jua linakaribia kuzama. Mtu akishazoea kumwambia Mola wake "ngoja nimalize hii", mlango wa nyumba yake anauacha wazi mwenyewe.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la majina. Mchezo ulitaka askari wanne, naye, kwa mapenzi tu, akaandika watu wa nyumbani kwake: yeye na upanga, Shemeji na ngao, mkewe mwenye dawa, na nyuma kabisa, kwenye mraba wa usalama, Mama.

"Nikiwaita hivi nitawalinda vizuri," alimwambia mkewe.

"Ungeanza kutulinda na hilo bati linalovuja," mkewe akajibu.

Mama mwenyewe alikuwa chumba cha ndani. Presha ilikuwa imemstaafisha kazi zote ila moja: kufuta. Alifuta viti, alifuta kioo cha kabati, alifuta cherehani huku inashona, yote kwa upindo wa nguo yake, na angeruhusiwa angewafuta hata wateja.

Mchana ule adui alisimama ng'ambo ya daraja: kivuli kirefu kisicho na uso, na juu yake jina ambalo asubuhi halikuwapo. Mwenyeji. Fundi akamtanguliza Shemeji darajani awe chambo. Akabonyeza. Kivuli kikatupa mkuki, ukamwingia Shemeji wa mchezoni kwenye paja.

Gurudumu la cherehani likazunguka. Krrr. Mara moja tu, na miguu ya Fundi ilikuwa sakafuni, mbali na kanyagio.

Shemeji wa kweli, aliyekuwa anainuka arudi kazini, akaanguka kama gunia.

"Mguu wangu," alinong'ona. "Shemeji, mguu siusikii."

Hapakuwa na jeraha. Ila chumba kilijaa harufu ya nywele zilizoungua, na harufu hiyo haikutoka hata walipofungua madirisha yote.

Mtu mwingine angeitupa simu. Fundi alidhani akishinda yatakwisha. Kesho yake, Shemeji akiwa amelazwa kwenye mkeka pembeni ya cherehani, alikipiga kivuli kwa upanga kwa nguvu zote alizopewa, na kivuli hakikutikisika. Kilivuka daraja taratibu, kikampulizia ukungu mwanamke mwenye dawa, kikasimama mraba mmoja tu kutoka kwa Mama.

Krrr.

Huko jikoni mkewe alikuwa anaita, "Njoo unishikie hii su—" na neno likakatika. Sufuria ikaanguka. Alipotokea mlangoni alikuwa ameshika koo, mdomo unafunguka na kufungika, na hakuna kilichotoka.

Wakamwita Ustadhi wa msikitini. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, jasho likimtiririka, na kila alipopumzika gurudumu lilitikisika kidogo, kama mtu anayecheka kwa mabega. Mwishowe akauliza polepole, "Sasa hivi ni zamu ya nani?"

"Yangu."

"Basi usicheze. Hawa nao wana masharti yao. Umemkubalia zamu, hawezi kuiruka yako."

"Nikiufuta mchezo?"

Kabla hajamaliza kusema, maandishi yakatokea: Kukimbia nako ni zamu. Kuzima nako ni zamu.

Ustadhi akarudisha mikono kifuani. "Nikwambie ukweli, mwanangu. Elimu yangu imeishia hapa. Niombee, nami nitakuombea."

Basi simu ikawekwa juu ya kabati, pale waya wa chaji ulipofika, maana soketi ilikuwa moja, ikafunikwa bakuli mtu asiiguse. Mkewe alimwonyesha kwa kidole chumba cha Mama, kisha mdomo wake mwenyewe: mwambie.

"Hapana," Fundi alinong'ona. "Kwa presha ile? Tutamuua sisi kabla ya huyo."

Akarudi kusali kwa wakati. Siku zikapita bila krrr, Shemeji akaanza kutania tena kwamba amepata likizo, na Fundi karibu aamini kwamba mtu anaweza kuishi hivyo, zamu yake ikiwa mkononi maisha yote.

Alasiri moja alitoka msikitini, viatu bado havijavuka kizingiti, akamwona mkewe nyuma ya meza ya kukatia, macho yamemtoka, mdomo wazi kabisa, anapiga meza kwa viganja bila sauti ya kuita, na Shemeji anajivuta kwa viwiko kwenye mkeka, mguu ukiburutika nyuma yake kama wa mtu mwingine, anasema "mama, mama, mama" kwa pumzi iliyokatika, na pale kabatini Mama amesimama kwa ncha za vidole, bakuli liko mkono mmoja, na mkono wa pili tayari umeshika upindo wa nguo.

"Mama, acha!"

"Kelele za nini? Mmeifunika simu kwa bakuli kama kiporo, imejaa vumbi." Akageuka kidogo, akamtabasamia mwanawe, na huku anamtabasamia akapitisha upindo juu ya kioo, kutoka pembe hii mpaka ile, vizuri, kama alivyofuta kila kitu.

Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia.

"Enhe," Mama akasema, "sasa inang'aa. Kuna maandishi hapa. Zamu ya... Mwenyeji." Akainua kichwa, akasikiliza. "Na nani huyo anakanyaga cherehani?"