Jiwe la Kivukoni

Majira ya mvua yakifika, Moliehi alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda shule: kushuka kivukoni kutazama jiwe. Maji ya mto Senqunyane yakifika shingoni mwa jiwe, alirudi mbio kumwambia babu yake, Mzee Mosala, naye alipuliza pembe ya ng'ombe ili watu wa ng'ambo wasivuke. Pembe ikinyamaza, watu waliingia majini bila wasiwasi.

Asubuhi hiyo jua liliwaka na anga ilikuwa safi. Katikati ya mteremko Moliehi alimkuta rafiki yake Refiloe akicheza mdako kwa vijiwe.

"Unakwenda kutazama nini na wingu hata moja hakuna?" Refiloe alimcheka. "Au hilo jiwe ni mchumba wako?"

Wakacheza mdako mpaka wakatosheka. Moliehi aliporudi nyumbani, babu yake alikuwa amejifunika blanketi, anakunywa uji mchachu wa mtama.

"Enhe, jiwe linasemaje?"

"Liko kavu mpaka kiunoni, Babu."

"Vizuri. Mama yako anavuka leo na mtoto, wanatoka kliniki."

Moliehi alitaka kusema kwamba hakushuka kivukoni, lakini aliona haya, akachukua daftari zake akaenda zake.

Shuleni, Mwalimu Lebona aliwatoa wanafunzi nje. Alikuwa amerundika udongo kama mlima, akauchimbia vijito kwa kidole.

"Mto wetu unazaliwa wapi?"

"Juu milimani, Mwalimu, kwenye majani yenye majimaji!"

"Kisha unapita makorongoni, unaingia mto mkubwa wa Senqu, na Senqu unakwenda mpaka baharini. Haya, angalieni." Akamwaga jagi la maji kileleni. Chini bado palikuwa pakavu. Maji yalishuka yakijikunja, yakakutana, yakafika chini kwa nguvu na kuzoa vijiti vyote. "Jana jioni mvua ya mawe ilinyesha huko juu. Hapa kwetu halikuanguka hata tone. Maji yale yako wapi sasa?"

"Njiani!" darasa likaitika.

Moliehi akamkumbuka mama yake kivukoni. Aliondoka bila ruhusa, miguu niponye, akikimbia huku akilia.

"Babu! Sikwenda! Jiwe sikuliona! Piga pembe!"

Mzee alitoka uani, akaipuliza. Kule chini, mama alikuwa amekwisha kupandisha sketi, mtoto mgongoni, maji ya rangi ya udongo yakimfika magotini. Moliehi alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama alisimama, akainua kichwa, akageuka kurudi alikotoka. Alikuwa bado anapanda ukingo wa ng'ambo mto uliponguruma na kuteremka na magogo na kondoo aliyekufa. Jiwe halikuonekana tena.

Jioni watu walisimama pande zote mbili za mto. Mama angelala ng'ambo mpaka maji yapungue.

"Pembe imechelewa!" mama alipaza sauti. "Nani alitazama jiwe leo?"

Watu wote wakamgeukia Mzee Mosala. Mzee akamtazama mjukuu wake. Moliehi aliogopa kuliko alivyoogopa asubuhi, maana sasa kijiji kizima kingesikia.

"Ni mimi, Mama! Sikutazama! Nilidanganya!"



"Nimekusikia, mwanangu!" mama akajibu. "Kesho utatazama?"

"Nitatazama!"

Walipokuwa wakipanda kurudi nyumbani, babu alimshika mkono.

"Asubuhi ungeniambia hukwenda, ningegomba, kisha ningeshuka mwenyewe na magoti yangu haya mabovu. Uvivu wako ungenichosha mimi peke yangu, Moliehi. Lakini uliposema jiwe ni kavu, mama yako aliingia majini kwa sababu yako."