Kikapu cha Jumatatu ya Pasaka

Majirani zangu wa ngazi hii, na nyinyi msionijua lakini mna mama anayewangoja mahali fulani, hebu kaeni kidogo. Habari ninayowapa ni ya mlango unaotazamana na wangu. Sikuisikia kwa watu, niliiona mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ni Pasaka. Jengo letu lote lilinukia anisi, kile kiungo kitamu cha mikate, maana Bi Ersilia alikuwa anaoka mikate mitamu ya sikukuu, na katika mji huu hakuna mwenye mkono kama wake. Mlango ulikuwa wazi. Redio ilikuwa inaimba, naye anaimba juu yake, kila mmoja na wimbo wake. Mezani palikuwa na kikapu cha ukindu chenye kifuniko, na kando yake kofia pana ya jua aliyoinunua sokoni wiki ile.

"Norma," akaniambia, "Jumatatu watoto wananipeleka."

Hakuhitaji kuniambia wapi. Kwetu sisi Jumatatu ya Pasaka hakai mtu ndani. Kila familia hufunga chakula chake ikaenda kukila nje ya mji, na kwa Ersilia nje ya mji ni mahali pamoja tu: hifadhi iliyo nyuma ya vilima, kule ambako hakuna hoteli wala miavuli ya kukodi, bali misonobari, ng'ombe weupe wenye mapembe marefu, na ufukwe uliojaa magogo yaliyotemwa na bahari. Marehemu mumewe, Nedo, alifanya kazi humo maisha yake yote, akipanda misonobari na kupanda juu yake kuangua koni zake zenye mbegu. Walikutana ufukweni pale, chini ya mnara wa zamani wa walinzi wa pwani. Watoto wao wawili, Loriano na Marusca, hawakuwahi kupelekwa mpaka mahali penyewe. Baba yao akipata siku ya mapumziko hakutaka tena kuona msonobari.

Basi Ersilia alikuwa na jambo lake moja. Daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake yanakufa kuanzia katikati, na kwamba dawa ya kuyarudisha haipo. Pembeni bado aliona. Ili akuone usoni ilimbidi ageuze shingo, akutazame kwa upande kama kuku anayeitazama punje. Alitaka, kabla giza halijafunga, awafikishe wanawe pale chini ya mnara, awakalishe kwenye gogo na kuwaambia mambo ya baba yao.

Kumbe hata mikate haijapoa, simu ikalia. Alikuwa Loriano, mwanawe wa kwanza, anayekaa Firenze.

"Mama, tuahirishe. Wanasema Jumatatu mvua."

"Nani anasema?"

"Utabiri, mama. Kwenye simu."

"Hapa jua linawaka mpaka paka wa Norma amelala dirishani tumbo juu."

"Mama, wale wana mitambo huko angani. Utabishana na mitambo kwa paka?"

Ersilia akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka na wanawe. Akasema haya, hakuna shida, tutakwenda siku nyingine. Alipokata simu alibaki amesimama, mkono wake ukipapasa mfuniko wa kikapu, na mimi nikajifanya naangalia tanuri.

Jumatatu ile halikudondoka hata tone. Tulikula chakula cha kikapuni jikoni kwangu, yeye amevaa kofia yake. Nilitaka kumpigia Loriano nimpe maneno yake, lakini Ersilia akanishika mkono akaniambia nimwache, mtoto ana kazi nyingi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ubaya ulipoingia, na haukuingia kwa matusi wala kwa kofi. Watoto wale walikuwa wanampenda mama yao. Walifungua hata grupu kwenye simu zao, wakaliita "Safari ya Mama." Mama mwenyewe hakuwemo, maana simu yake ni ile ya vitufe. Marusca, aliye Livorno, alikuwa akija mara moja moja ananisomea yaliyomo huku anacheka. Mwezi wa sita wakasema jua kali, mama atazimia. Mwezi wa nane wakasema watu ni wengi, na kwa hofu ya moto mtu haingii ila na kiongozi. Mwezi wa tisa Loriano akataka kungoja gari jipya, lenye viti vya kumfaa mama. Mwezi wa kumi wajukuu wana shule. Halafu ukazuka ubishi juu ya mahali pa kula baada ya hapo. Mmoja alitaka samaki, mwingine nguruwe mwitu. Jamani! Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye geti la hifadhi ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Sijapata kuona watu wakipanga nusu saa kana kwamba wanavuka jangwa.

Siku moja nilichoka.

"Ersilia, vaa viatu. Basi la mjini linapita saa tatu. Twende mimi na wewe, tuwaache na makelele yao."

"Siwezi, Norma."

"Kwa nini huwezi? Miguu unayo."

"Bahari nimeiona maisha yangu yote, nikifumba macho naiona. Nataka kuwaona wao wanavyoiona." Akageuza shingo, akanitazama kwa upande. "Nikienda na wewe, watasema mama ameshakwenda, wafunge grupu lao."

"Basi waambie macho yamefika wapi."

"Nikiwaambia watakuja kwa huruma. Nataka waje kwa hamu."

Nilikasirika tu, nikaenda zangu kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Majira ya baridi yakaja, na mnajua yalivyo katika nyumba ya mtu mmoja. Taa yake ilikuwa inawaka mchana, naye haioni kama inawaka. Kahawa akawa anaimimina nje ya kikombe, kisha anafuta meza polepole kama mtu aliyeamua tu kufuta meza. Redio haikunyamaza, lakini kuimba aliacha. Jioni nilikuwa nikimsikia anaongea, nikidhani amepata mgeni, nikigonga namkuta peke yake mbele ya picha ya Nedo, ambayo hakuweza tena kuiona. Wanawe walipiga simu kila Jumapili, lazima niseme haki. Waliuliza amekula nini, akawaambia. Waliuliza hali, akasema nzuri. Kisha walimwambia kwamba safari iko palepale.

Pasaka ya pili wakaja kweli! Jumatatu, saa sita mchana, gari mbili, wake na waume na watoto. Ngazi ilijaa vishindo. Ersilia alikuwa amevaa kofia tangu asubuhi, kikapu kimefungwa, kiko mlangoni. Lakini yeye ni mama wa kwetu, na mama wa kwetu hawezi kuwapokea watoto kwenye nyumba isiyo na sufuria jikoni. Alikuwa amepika pia.

"Mama!" Loriano akanusa. "Ni tortelli hizo?"

"Kidogo tu, za kuonja. Basi la kuingia hifadhini la mwisho ni saa nane na nusu, mwanangu. Gari haliruhusiwi kupita getini."

"Saa nane na nusu? Tuna siku nzima! Tule kidogo kwanza, halafu twende."

Na sisi, ndugu zangu, tukishakaa mezani hatuinuki, hata nyumba iungue. Kwanza soseji na zeituni. Halafu tortelli, vile vifuko vya unga vilivyojaa jibini na mboga. Loriano akaongeza, akamwongeza na shemeji yake. Halafu mwanakondoo. Halafu ubishi wa mpira. Nilikuwa nimealikwa, nimekaa kando ya Ersilia, na niliona alivyokuwa anageuza shingo kuitafuta saa ya ukutani.

"Watoto, twendeni basi," akasema.

"Tulia, mama, nani anatukimbiza?"

"Mkate wa anisi uko wapi?" akauliza Marusca. "Jumatatu ya Pasaka bila mkate wa mama?"

Mkate ulikuwa kikapuni. Ersilia mwenyewe akainuka, akapapasa mpaka mlangoni, akakifungua kikapu chake cha safari, akaukata mkate. Baada ya mkate kahawa, na baada ya kahawa kile kinywaji kikali cha kusukumia chakula. Mkwe mmoja akalala kwenye kochi.

Tulipofika getini, mlinzi alikuwa anafunga mnyororo.

"Basi la mwisho limeshaingia," akasema. "Yaliyobaki yanatoa watu tu."

"Ndugu, dakika kumi tu, tumekuja na mama mzee," Loriano akambembeleza, kisha akapandisha sauti. "Hivi unajua tumetoka wapi?"

"Najua mmetoka mezani," mlinzi akajibu. "Una mchuzi kwenye kola."

Wajukuu wakacheka. Ersilia alikuwa amekaa kiti cha mbele na kikapu kitupu mapajani, kofia kichwani, akiuelekeza uso kule ambako harufu ya utomvu ilikuwa inatoka.

"Wiki ijayo, mama," Loriano akasema. "Neno langu."

"Haya, mwanangu."

Wiki ijayo haikuja. Zikaja nyingine.

Kilichowaamsha kilitokea mwezi wa sita. Marusca alipita ghafla, yuko njiani kwenda kwenye shughuli zake. Mlango ulikuwa wazi, akaingia, akasimama mbele ya mama yake bila kusema neno, akitabasamu, akitaka kumshtukiza. Ersilia akageuza shingo huku, akageuza kule. Kisha akasema kwa adabu ya kumpokea mgeni:

"Karibu, bibi. Unamtafuta nani?"

Nilisikia kilio cha Marusca kutoka kwangu. Nilipofika alikuwa amepiga magoti, amelaza kichwa mapajani kwa mama yake, na mama anamwambia pole, pole mwanangu, kumbe ni wewe, hukusema kitu.

Kesho yake tulikwenda. Hakuna aliyeangalia utabiri wala kuuliza pa kula. Loriano alikuja na gari lilelile bovu, hajanyoa. Ersilia akataka na mimi niwepo. Nusu saa, jamani, na tukawa getini. Basi dogo likatuingiza, tukashuka, tukamshika mikono huku na huku, tukapita kati ya misonobari ya Nedo. Ersilia alikuwa anataja vitu kabla hatujavifikia: hapa rozimari, hapa mchanga unaanza, angalieni msikanyage miiba. Nilianza kufurahi, Mungu anisamehe.

Tulimkalisha kwenye gogo jeupe. Upepo ulikuwa mdogo. Hapakuwa na mtu mwingine ufukweni.

"Haya," akasema. "Niambieni mnaona nini."

Watoto wakatazamana.

"Bahari, mama," akasema Loriano.

"Ya rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu ya namna gani?"

Loriano akafungua mdomo, akaufunga. Hakuwa nayo namna. Alikuwa hajawahi kuitazama.

"Na mnara?" Ersilia akauliza. "Ndio ule pale." Akanyoosha kidole, kwa furaha, moja kwa moja kwenye maji matupu.

Mnara ulikuwa nyuma yetu, juu ya kilima. Marusca akaushika mkono wa mama yake, akaugeuza taratibu mpaka ukaelekea palipo.

"Ee, huko," Ersilia akasema, na sauti yake ikapungua. "Nilikuwa nimewaandalia maneno mengi. Kumbe nilikuwa nategemea kuziona sura zenu wakati nayasema."

Akanyoosha mikono, akaupata uso wa Loriano, akaupapasa paji, pua, mashavu yenye ndevu za jana. Vidole vyake vikasimama.

"Umelowa, mwanangu," akasema. "Basi wale wenye mitambo hawakukosea. Mvua imenyesha."

Nililia mimi, nikalia mpaka nikaona aibu mbele ya Loriano na Marusca, wenye mama yao.

Baadaye aliwasimulia, lakini kwa ufupi, kama mtu anayefunga duka. Kikapu hatukukifungua. Hakuna aliyekuwa na njaa siku ile.

Funzo

Mzee hafi kwa upweke siku moja. Hufa kidogo kidogo, kila anapofungua kikapu na kuvitoa alivyovifunga. Loriano na Marusca hawakuwa watoto wabaya, na ndiyo sababu nimewasimulia habari zao, maana nyinyi nanyi si wabaya. Walimtafutia mama yao siku nzuri kuliko zote, na kwa kuitafuta wakazila zote zilizokuwapo. Mwenye mzazi asikae kumpangia siku. Ampe leo, hata kama leo ina mawingu, hata kama chakula kiko mezani. Kitapashwa moto jioni. Macho hayapashwi.

Siku hizi Loriano huja kila wiki. Humshika mama yake mkono, wakapanda basi dogo mpaka ufukweni, na njia nzima anamweleza: hapa maji yana kijani cha chupa, pale ni meupe, mnara una ndege wawili juu. Amejifunza kutazama. Ersilia anamsikiliza, kofia kichwani, uso ameuelekeza mbele, na kila mara humwuliza: na uso wako, mwanangu, unaonekana umefurahi?